Mwenzenu akiiba dadu: mwongozo kamili wa kuziba mwanya bila ya kumfedhehesha mtu

Mchezo wetu wa kutamba hadithi kwa dadu hauna mshindi wala zawadi, na hapawekwi hata shilingi moja. Ndiyo maana mara ya kwanza nilipogundua kuwa mwenzetu anaiba, nilikaa muda mrefu najiuliza: anaiba nini?

Tulikuwa Ng'ambo ya mji wa Unguja, ukumbini kwa mmoja wetu, baada ya Isha. Wachezaji watano, na mimi ndiye niliyekuwa nikisimulia. Umeme ulikatika tangu magharibi, tukawa tunachezea mwanga wa simu iliyoegemezwa kwenye birika la chai. Jahazi la hadithi yetu lilikuwa katikati ya mkondo wa Pemba, kusi linavuma, tanga limechanika, na nahodha alitakiwa apate 15 kwenda juu kwenye dadu la nyuso 20 ili lisizame. Mchezaji aliyembeba nahodha akarusha dadu upande wake wa giza, akaliinamia, akaliokota hata halijatulia vizuri, akasema, "Kumi na nane!" Watu wakashangilia. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwake. Lilikuwa nne.

Usiku ule sikusema kitu, na mpaka leo sijutii kunyamaza. Ninachojutia ni wiki tatu zilizofuata, nilipomvizia kama askari badala ya kufanya yale ninayoyaandika hapa.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu hukaa pamoja, mmoja akatamba hadithi, na kila mmoja wa waliobaki akabeba mhusika wake ndani ya hadithi hiyo. Jambo likiwa la mashaka, mathalan kuruka ukuta, kupigana au kumlainisha askari wa forodha, dadu ndilo linaloamua. Michezo ya namna hii ilianza kuuzwa madukani Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Kwetu, mtu aliyelelewa kwa "Paukwa!" akajibu "Pakawa!" hahitaji kufundishwa mengi. Tofauti ni kuwa hapa msikilizaji anaingia mwenyewe ndani ya hadithi na kufanya analolitaka. Anayesimulia sisi tunamwita mtambaji, na mwongozo huu nimemwandikia yeye kwanza.

Ujue kinachoibiwa

Mtu akisema 18 wakati dadu limesema 4, hajamnyang'anya mwenzake pointi. Amewanyang'anya wote ile hali ya roho kuwa mkononi. Tuliposhangilia jahazi kuokoka, wanne walishangilia kitu ambacho hakikutokea. Na siku watakapojua, hawatakasirikia usiku mmoja tu. Watarudi nyuma kuvikagua vikao vyote na kujiuliza kipi kilikuwa cha kweli. Kwa hivyo usilipuuze jambo hili kwa kusema "ni mchezo tu." Ila usilikurupukie pia.

Tenga kosa na wizi

Vitabu vya kanuni vingi tunavyovipata ni vya Kiingereza, tena kurasa mia kwa mia. Kwenye kundi letu wapo waliokisoma chote, wapo waliosoma sura ya mhusika wao tu, na wapo walioelezwa na mwenzao kwa maneno ya mdomo. Makosa hayakosekani. Kuna aliyekuwa akiongeza nguvu za mkono wa mhusika wake juu ya namba ya dadu mara mbili kwa muda wa miezi miwili: mara moja zilikuwa zimeshajumlishwa kwenye karatasi ya mhusika huyo, mara ya pili akiziongeza kwa kichwa. Tulimdhania mwizi. Kumbe alisoma vibaya mstari mmoja.

Kipimo changu ni hiki: kosa la kweli halina upande. Anayekosea kwa kutojua, leo atajiongezea, kesho atajipunja, na mara nyengine atasahau hata nguvu alizonazo kihalali. Anayeiba hukosea upande mmoja tu, na hukosea zaidi jambo linapokuwa zito. Nilipotizama nyuma, mwenye nahodha hakuwahi hata siku moja kukosea kwa hasara yake.

Wizi wenyewe una sura nyingi. Kuna kulitaja dadu sivyo, kuna kuliokota haraka, kuna kulirusha "kwa majaribio" na likitua vizuri likageuka la kweli. Wengine husahau kupunguza mishale, uchawi uliokwisha kutumika au pointi za uhai. Wengine huongeza namba kwenye karatasi nyumbani, au hukisoma mapema kitabu cha kisa anachokitumia mtambaji wakajifanya wamehisi mlango wa siri uko wapi.

Hesabu kabla ya kushuku

Hapa wengi wanateleza, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Dadu la nyuso 20 likiwa sawa, kila namba ina nafasi moja kati ya 20. Kwenye kikao cha kwetu mtu hurusha kama mara 40, basi cha kutarajia ni kupata 20 mara mbili. Akiipata mara sita au zaidi, hilo ni jambo la usiku mmoja kati ya 70 hivi. Hapo ndipo mtu huruka na kusema ushahidi huu hapa. Ngoja. Wachezaji ni watano. Uwezekano wa mmoja wao, yeyote yule, kuwa na usiku kama huo ni kama mara moja kwa kila vikao 15. Mkicheza kila Alhamisi, ndani ya miezi mitatu au minne atatokea mtu aliyebahatika kihalali kabisa, na wewe utakuwa umeshamwita mwizi.

Bora utumie wastani, na uupe muda. Wastani wa dadu hilo ni 10.5. Mtu akirusha mara 40, wastani wake utaangukia kati ya 8.7 na 12.3 karibu mara 19 kati ya 20. Ukiunganisha vikao vinne, yaani marusho 160, uwanja unafinyika na kuwa kati ya 9.6 na 11.4. Daftarini andika namba tupu ya dadu, kabla ya nyongeza yoyote ya nguvu za mhusika, na uandike za watu wote, si za unayemshuku peke yake. Ukimwandikia mmoja tu, macho yako yatakuchagulia unachotaka kukiona. Mwenzetu alinijia na 13.1 kwa vikao vinne. Wengine wote walikuwa ndani ya uwanja.

Hata hivyo namba haihukumu. Inakwambia utizame, basi.

Lipime dadu lenyewe

Kabla hujamshuku mtu, lishuku dadu. Hesabu nyuso zote kuanzia 1 mpaka 20 uhakikishe hakuna namba iliyojirudia. La nyuso sita ni rahisi zaidi: pande mbili zinazotizamana zijumlike 7.

Kisha chukua gilasi ya maji ya moto kidogo, tia chumvi ukoroge, uongeze na ukoroge, mpaka dadu la plastiki lielee. Chumvi ya Pemba inafaa kabisa, ila itakwenda nyingi. Likielea, ligonge kwa kidole lizunguke, uache litulie, usome namba ya juu. Fanya hivyo mara kumi au kumi na mbili. Likileta namba tofauti tofauti, halina neno. Likirudi kila mara na uso ule ule au majirani zake, ndani kuna kiputo cha hewa au uzito umeegemea upande. Madadu ya chuma hayaelei, na baadhi ya plastiki nzito pia, kwa hivyo usilazimishe. Jaribio hili si mahakama, lakini limenipa sababu ya kuliweka pembeni dadu moja langu mwenyewe.

Dawa kubwa kuliko maji ya chumvi ni kuwa na dadu moja la watu wote. Likiwa na kasoro, kasoro inawagusa nyote sawasawa. Madadu ya nyuso nyingi mimi sijawahi kuyaona sokoni Darajani. Yetu alituletea jamaa aliyetoka Dubai, na kila mtu alipenda kuwa na lake. Tuliyakusanya yote kwenye kopo.

Leta ungo

Hili ndilo lililobadilisha meza yetu, na kama utachukua jambo moja tu humu, chukua hili.

Fikiria bao. Mashimo 32, kete 64, zote ziko wazi juani. Anayecheza anasambaza kete mbele ya macho ya mpinzani na ya wazee wote waliokaa barazani, na ukiruka shimo moja kuna watu watatu watakaoguna kabla hujashusha mkono. Bao halihitaji mlinzi, kwa sababu halina pahala pa kujificha. Karata zina mgongo, ndiyo maana zina ugomvi. Mchezo wetu tuliuchezea kama karata: kila mtu dadu lake, pembeni yake, kivulini kwake.

Basi nikachukua ungo wa kupetea mchele, nikauweka katikati ya mkeka, mwanga wote ukaelekezwa humo. Sinia lingefaa pia, lakini linapiga kelele na dadu linateleza. Ukilitumia, tandika kipande cha kanga ndani. Ungo una ukingo, dadu linagonga na kurudi, na kila aliyekaa analiona.

Kanuni zake ni chache. Unataja kwanza unarushia nini, ndipo unarusha. Halafu mkono unarudi nyuma, na anayeisoma namba kwa sauti ni jirani yako wa kulia, si wewe. Hakuna anayeligusa dadu kabla namba haijasomwa. Likitoka nje ya ungo au likiegemea ukingo, linarudiwa, liwe zuri au baya. Hakuna la majaribio.

Namna ya kuuingiza ungo ina uzito wake. Usiseme "kwa sababu kuna watu hapa..." Mimi nilisema tu kuwa napenda wote tuone dadu linavyotua, ili tushangilie pamoja na tusikitike pamoja. Ilikuwa kweli. Na nikaanza mimi: dadu za maharamia na majini, ambazo kwa kawaida mtambaji huzificha, nikazirushia humo humo.

Hapo itabidi ujiulize jambo gumu. Watambaji wengi hulipindisha dadu kwa siri ili kumwokoa mchezaji au kuokoa kisa. Mimi nimelifanya, kwa nia njema kabisa. Lakini siwezi kumwambia mtu asiniibie na huku nyuma ya pazia langu namwibia. Ukitaka haki hiyo, waombe wenzako wakupe kwa uwazi. Wakikataa, iache.

Mishale tunaihesabu kwa komwe. Mwenye upinde anapewa komwe 20 mbele yake, na kila mshale anaoupiga, komwe moja inarudi kikapuni. Pointi za uhai zinatajwa kwa sauti kila zinapopungua: "Nimebakiwa na kumi na mbili." Karatasi za wahusika zinalala kwangu, na kila baada ya kikao nazipiga picha na kuzituma kwenye grupu, ili mtu apate kuusoma mhusika wake nyumbani bila ya karatasi kukua njiani. Mkicheza kwa programu ya dadu ya simu, iwe simu moja tu, ikae katikati. Na kwa aliyekisoma kisa mapema, hamisha mlango wa siri. Hakuna haja ya kumwambia.

Kuna wazazi wasiopenda kuliona dadu ndani ya nyumba, na wapo masheikh wanaolikataza hata pasipo kamari. Waheshimuni. Katika nyumba moja tunacheza kwa vikaratasi 20 vilivyoandikwa namba, vikakunjwa na kutiwa kikapuni. Unachukua kimoja, kinasomwa, kinarudishwa, kikapu kinatikiswa. Hesabu yake ni ile ile ya dadu, mradi kikaratasi kirudi kila mara.

Zungumza naye, wawili peke yenu

Ungo unaziba mwanya, lakini mtu aliyeiba miezi mitatu bado amekaa nao moyoni, na wewe pia. Sitara ni jambo kubwa kwetu, na hapa ndipo mahala pake. Usimseme mbele ya wenzake, wala mbele ya mdogo wake, wala kwenye grupu, wala kwa mafumbo ya "wapo wanaojijua." Fumbo linamfedhehesha na halimpi nafasi ya kujibu.

Nilimwomba anisindikize mpaka Forodhani. Tukakaa ukutani, tunatizama vijana wanaojirusha baharini. Nikamwambia, "Ndugu yangu, kuna jambo linanikaa. Nataka nikwambie wewe kabla halijafika kwa mtu mwengine. Usiku ule wa jahazi, dadu lilikuwa nne. Mimi nililiona."

Nikanyamaza. Kunyamaza huku ndiko kugumu kuliko kusema, maana ulimi unakuwasha uongeze maneno ya kumpunguzia. Usiongeze. Sema ulichokiona kwa macho yako, tukio moja, na usimpe jina. Ukimwita mwizi atatetea jina lake, na nne mtaisahau nyote wawili.

Alikaa kimya, halafu akasema, "Sasa jahazi lingezama, mimi ningefanya nini? Wiki nzima naingojea Alhamisi. Nahodha akifa ndiyo nikae kwenye kona nitizame wenzangu wanacheza mpaka saa sita?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu alisema kweli. Mwezi mmoja nyuma mhusika wa mwenzetu mwengine alikufa saa tatu ya usiku, na mimi nikamwacha amekaa na simu yake mpaka tulipoagana. Yeye aliliona hilo na akaapa moyoni halitomkuta.

Si kila mtu atakujibu hivyo. Mwengine atakataa, na hapo usibishane. Mwambie, "Sawa, huenda. Lakini kuanzia sasa tucheze ungoni." Mwengine atakasirika, mpe wiki. Lakini muulize kila mtu anaogopa kupoteza nini, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuonesha kazi iliyokusubiri wewe.

Ifanye nne nayo iwe na hadithi

Kazi yangu ilikuwa hii. Kabla sijamwambia mtu arushe, niwe najua kitatokea nini akipata na nini akikosa, na vyote viwili viwe vya kuvutia. Nikiona akikosa hadithi inasimama tu, basi dadu halirushwi kabisa, namwachia apite.

Nililirudia lile jahazi kichwani. Nne ingekuwa nini? Jahazi linazama, sawa. Lakini nahodha anatupwa na mawimbi kisiwani Misali, magunia ya karafuu yanaelea ufukweni mmoja mmoja, na karafuu zenyewe zilikuwa za magendo. Alfajiri inaingia, mashua ya doria inakaribia, na yeye hana hata kiatu. Kisa hicho ni kizuri kuliko kile tulichokicheza, na tulikikosa kwa sababu sikuwa nimekiandaa.

Kwa wanaokufa kweli, ninazo karatasi tatu za wahusika tayari kwenye bahasha: mpishi wa jahazi, mpiga ramli, na mtoro wa jela. Mhusika akifa, mchezaji anachagua karatasi moja na ndani ya robo saa amerudi mchezoni.

Akirudia

Mara ya pili mwite tena, wawili, na useme wazi kuwa ni mara ya pili. Mpe kazi pia. Mfanye yeye awe msomaji wa ungo kwa usiku mzima, awasomee wenzake wote. Mtu akiaminiwa macho yake mbele ya watu, mkono unapata haya. Kwa mtoto wa miaka tisa au kumi hii peke yake inatosha, huna haja ya mazungumzo ya Forodhani. Kwa aliyekuzidi umri, usiende wewe. Mtafute wa rika lake ambaye anamsikiza.

Mara ya tatu, mwambie apumzike mchezo. Liseme mwenyewe, ana kwa ana, usiitishe kura wala usimtumie mtu. Wenzako waambie tu kuwa amepumzika. Na ukipita Jaws Corner, kwenye baraza la kahawa, ukamkuta, kaa, agiza kahawa mbili.

Sisi hatukufika huko. Alhamisi ya sita baada ya ungo, nahodha alikuwa tena baharini, safari hii anarudi bandari ya Mkoani, Pemba, usiku, kaskazi imegeuka ghafla. Alihitaji 12. Akataja, akarusha, akauweka mkono nyuma ya mgongo kama mtoto wa skuli. Dadu likagonga ukingo, likazunguka, likalala. Jirani yake akainama na simu.

"Mbili."

Akalitizama kidogo. Halafu akavuta mto, akajiegemeza, akaniuliza, "Haya, maji yana baridi?"